Krisztina Egerszegi wa Hungaria, Bingwa wa Kuogelea Chali

Kaeni karibu na redio, na kila mwenye karatasi hii aifungue mbele yake, afuate kwa kidole maneno yanaposomwa. Pale ninaposema, "Someni tena," msione haya. Kusoma mara mbili ni njia ya kuelewa. Mwishoni mtakuta maana za maneno magumu, na maswali ya kujibu darasani pamoja na mwalimu wenu.

Mara nyingi tumesoma habari za wafalme, vita na mikataba. Leo tutasoma habari za msichana aliyeshinda mashindano makubwa ya dunia akiwa na umri wa miaka 14, akashindwa, akashinda tena, akashindwa tena, kisha akashinda mara ya mwisho. Jina lake ni Krisztina Egerszegi.

Kwanza tujifunze kulisoma jina hilo. Wahungaria huandika herufi s na z pamoja, na kuzisoma kama s yetu. Basi jina lake hutamkwa Kristina Egersegi. Na herufi s ikiwa peke yake wao huisoma sh. Kwa hiyo mji wao mkuu, Budapest, wenyewe huuita Budapesht. Katika lugha yao neno egér maana yake ni panya, na kwa kuwa jina la msichana huyu laanza na sauti hiyo, wenzake na washabiki walimwita Panya Mdogo. Halikuwa tusi. Lilikuwa jina la mapenzi, na tena lilimfaa, maana alikuwa na mwili mdogo.

NCHI ISIYO NA BAHARI

Tazameni ramani ya Ulaya iliyo ukutani. Tafuteni Austria, kisha tembezeni kidole upande wa mashariki. Hapo ndipo Hungaria ilipo. Imezungukwa na nchi nyingine pande zote, na haina pwani hata kidogo. Mtu wa Mombasa au Tanga angeweza kuuliza: watu wasio na bahari watajuaje kuogelea?

Jibu ni kwamba maji matamu wanayo mengi. Mto Danube hupita katikati ya mji wa Budapest. Upande wa magharibi wa nchi kuna Ziwa Balaton, ambalo urefu wake ni kama kilomita 77. Tena chini ya mji wa Budapest kuna chemchemi nyingi za maji ya moto. Waturuki walipoutawala mji huo zamani, katika karne ya 16, walijenga nyumba za kuogea juu ya chemchemi hizo, na baadhi yake zingali zikitumika. Katika nchi yenye baridi kali, maji ya moto ni neema, kwa sababu watu waweza kuingia majini hata theluji ikiwa imetanda nje.

Lakini maji peke yake hayamfanyi mtu kuwa mwogeleaji. Hapana budi awepo mtu wa kuanzisha kazi. Mtu huyo kwa Wahungaria alikuwa Alfréd Hajós. Alikuwa mtoto wa miaka 13 baba yake alipokufa maji katika Mto Danube. Tangu hapo kijana huyo aliazimia kujua kuogelea sana. Mwaka 1896, Michezo ya Olimpiki ya kwanza ya zama hizi ilipofanyika Athens, Ugiriki, Hajós alikuwa na umri wa miaka 18. Mashindano ya kuogelea yalifanyika baharini, kwenye maji baridi na mawimbi. Alijipaka mafuta mwili mzima ili kuzuia baridi, akashinda mbio mbili: ya mita 100 na ya mita 1,200.

Baadaye Hajós alisomea ufundi wa kuchora majengo. Yeye ndiye aliyechora ramani ya jumba la kuogelea lililojengwa katika Kisiwa cha Margaret, katikati ya Mto Danube, na kufunguliwa mwaka 1930. Siku hizi jumba hilo lina jina lake. Basi yule aliyefiwa na baba mtoni aliwajengea watoto wa watu wengine mahali salama pa kujifunza.

KUOGELEA CHALI NI NINI?

Sasa tueleze mchezo wenyewe. Mtu akiogelea chali, mgongo huwa chini na uso hutazama juu. Mikono huzunguka mmoja baada ya mwingine, na miguu hupiga maji bila kupumzika. Kupumua si taabu, kwa sababu pua na kinywa viko juu ya maji. Taabu yake ni nyingine: mwogeleaji haoni anakokwenda. Kwa hiyo bendera ndogo hutungwa juu ya bwawa, mita 5 kabla ya ukuta. Mwogeleaji akiziona hujua kwamba ukuta umekaribia, naye huanza kuhesabu mikono yake. Akikosea hesabu, atagonga kichwa au atachelewa kugeuka.

Katika mitindo mingine watu huruka kutoka juu ya ukuta. Katika kuogelea chali, waogeleaji huanza wakiwa ndani ya maji, wamekamata vishikio, miguu imekanyaga ukuta. Ishara ikilia, hujitupa nyuma.

Bwawa la mashindano makubwa lina urefu wa mita 50. Basi mbio ya mita 200 ni kulivuka bwawa mara 4. Mbio hiyo ni ngumu, maana ni ndefu mno kwa mtu wa kukimbiza tu, na ni fupi mno kwa mtu wa kwenda polepole.

Kabla ya Krisztina, Wahungaria walikwisha kujulikana kwa mtindo huu. Katika Olimpiki ya Moscow ya mwaka 1980, Sándor Wladár alipata medali ya dhahabu katika mita 200 chali, na mwenzake Zoltán Verrasztó akapata ya fedha. Msichana wetu wakati huo alikuwa na miaka mitano tu, kwa sababu alizaliwa Budapest tarehe 16 Agosti 1974.

SEOUL, MWAKA 1988

Twende sasa Seoul, Korea ya Kusini, mwezi wa Septemba mwaka 1988. Krisztina ametimiza miaka 14 mwezi uliopita tu. Mwalimu wake wa kuogelea ni László Kiss. Uzito wa msichana huyu ni kilo 45, sawa na nusu gunia la mahindi. Waliosimama kando yake ni wanawake warefu, wenye mabega mapana.

Wenye nguvu zaidi walikuwa wa Ujerumani ya Mashariki. Katika mita 100 chali alishinda Kristin Otto wa nchi hiyo. Krisztina alikuwa wa pili kwa dakika 1, sekunde 1 na sehemu 56 za mia. Wa tatu, Cornelia Sirch, pia wa Ujerumani ya Mashariki, alimaliza kwa dakika 1, sekunde 1 na sehemu 57 za mia.

Simameni kidogo hapa. Someni tena namba hizo. Kati ya wa pili na wa tatu palikuwa na tofauti gani? Sehemu 1 ya mia ya sekunde. Jicho la mtu haliwezi kuona tofauti hiyo. Saa ya umeme ndiyo iliyoiona, kwa kuguswa ukuta.

Kisha ikaja mbio ya mita 200. Safari hii Panya Mdogo alishinda. Alitumia dakika 2, sekunde 9 na sehemu 29 za mia. Waliomfuata wote wawili, Kathrin Zimmermann na Cornelia Sirch, walitoka Ujerumani ya Mashariki. Zimmermann, aliyekuwa wa pili, alitumia dakika 2, sekunde 10 na sehemu 61 za mia. Siku ile hapakuwa na mtu aliyewahi kushinda mbio ya kuogelea ya Olimpiki akiwa na umri mdogo kama wa Krisztina. Miaka minne baadaye, msichana wa Japani, Kyoko Iwasaki, alishinda akiwa mdogo zaidi kwa wiki chache.

Sasa lazima tuseme jambo ambalo watazamaji wa Seoul hawakulijua kwa hakika. Tangu miaka ya 1970, wakuu wa serikali ya Ujerumani ya Mashariki walikuwa wameweka mpango wa siri wa kuwapa wanamichezo dawa za kuongeza nguvu. Wengi waliopewa walikuwa wasichana wadogo, nao waliambiwa kwamba vidonge vile ni vitamini. Baada ya Wajerumani kuungana mwaka 1990, hati za mpango huo zilipatikana, na mwaka 2000 mahakama ya Berlin iliwatia hatiani wakuu wake wawili. Baadhi ya wanawake waliopewa dawa hizo waliumia kwa maisha yao yote.

Fikirini vizuri juu ya jambo hili. Kosa kubwa lilikuwa la watu wazima waliopewa amana ya watoto wa watu. Nasi si haki tumtie hatiani mwogeleaji mmoja mmoja tusiye na ushahidi juu yake. Lakini mkijua habari hii, mtaelewa kwa nini ushindi wa Seoul ulikuwa wa ajabu. Msichana wa kilo 45 aliipita nchi iliyoyafanya mabwawa ya kuogelea kuwa kiwanda.

KUSHINDWA, NA BAADAYE REKODI

Mwaka uliofuata, 1989, Krisztina alikwenda Bonn kwa mashindano ya Ulaya. Huko aliogelea mbio tatu, akawa wa pili katika zote tatu. Alikuwa na miaka 15. Dunia nzima ilikuwa imekwisha kumwita bingwa, na sasa mara tatu alisimama chini ya mwingine kupokea medali ya fedha. Wako watoto wengi wanaong'aa mara moja kisha wasisikike tena. Yeye alirudi Budapest, akaendelea na mazoezi.

Mwaka huohuo nchi yake nayo ilibadilika. Utawala wa chama kimoja cha kikomunisti uliondoka, na tarehe 23 Oktoba 1989 Hungaria ilitangazwa kuwa jamhuri mpya. Basi msichana aliyekwenda Seoul chini ya serikali moja, alikwenda Olimpiki iliyofuata chini ya serikali nyingine.

Mwaka 1991 ulikuwa mwaka wake mkubwa. Mwezi wa Januari, huko Perth, Australia, alikuwa bingwa wa dunia wa mita 100 na mita 200 chali. Mwezi wa Agosti, huko Athens, katika mji uleule alikoshinda Hajós, alishinda mbio tatu za mashindano ya Ulaya, na katika mbili alivunja rekodi za dunia. Mita 100 aliogelea kwa dakika 1, sekunde 0 na sehemu 31 za mia. Mita 200 aliogelea kwa dakika 2, sekunde 6 na sehemu 62 za mia.

Wanafunzi, hapa tujifunze kuandika namba hizo kwa ufupi. Dakika huandikwa kwanza, kisha nukta mbili, kisha sekunde, kisha nukta moja, na mwisho sehemu za mia. Basi rekodi yake ya mita 200 huandikwa hivi: 2:06.62. Rekodi ya zamani, ya Mmarekani Betsy Mitchell, ilikuwa 2:08.60. Toeni wenyewe, mwone amepunguza kiasi gani. Jibu tutalitafuta pamoja mwisho wa somo.

BARCELONA, MWAKA 1992

Katika Olimpiki ya Barcelona, Hispania, Krisztina alikuwa na umri wa miaka 17, akikaribia kutimiza 18. Alishinda mbio tatu.

Ya kwanza ilikuwa mita 400 za mchanganyiko. Katika mbio hiyo kila mtu huogelea mitindo minne: kipepeo, chali, kifua na mtindo huru, mita 100 kwa kila mmoja. Alishinda kwa 4:36.54, na Lin Li wa China alikuwa wa pili kwa 4:36.73. Mnaona jinsi tofauti ilivyokuwa ndogo.

Ya pili ilikuwa mita 100 chali, aliyoshinda kwa 1:00.68. Wa pili alikuwa Mhungaria mwenzake, Tünde Szabó, na bendera mbili za Hungaria zikapandishwa pamoja. Ya tatu ilikuwa mita 200 chali. Hapo hakuna aliyemkaribia: yeye 2:07.06, na Dagmar Hase wa Ujerumani 2:09.46.

Mwaka uliofuata, huko Sheffield, Uingereza, alishinda mbio nne za mashindano ya Ulaya, na moja yake ilikuwa ya mtindo wa kipepeo.

ROMA, NA KURUDI

Mwezi wa Septemba mwaka 1994 mashindano ya dunia yalifanyika Roma, Italia. Krisztina alikuwa hajashindwa katika mita 200 chali kwa miaka mingi. Lakini siku ile mwogeleaji wa China alimtangulia, naye akawa wa pili. Katika mita 100 hakupata medali yoyote, na rekodi yake ya dunia ya mbio hiyo ilivunjwa.

Katika mashindano hayo wanawake wa China walishinda mbio 12 kati ya 16. Mwezi uliofuata, kwenye Michezo ya Asia huko Hiroshima, waogeleaji 7 wa China walipimwa wakaonekana wametumia dawa zilizokatazwa. Kwa mara nyingine swali la haki lilirudi majini. Nasi twarudia neno letu la awali: hatumhukumu mtu asiyekuwa na ushahidi juu yake.

Sasa jiwekeni mahali pa Krisztina. Ana miaka 20. Ana medali nne za dhahabu za Olimpiki. Ameshindwa mbele ya dunia, na wenzake wa rika lake wengi wamekwisha kuacha. Mtu angeweza kumwambia, "Umefanya ya kutosha, pumzika." Na maneno hayo yangekuwa ya kweli.

Yeye hakuacha. Alirudi bwawani, lakini kwa akili. Ilipofika Olimpiki ya Atlanta, Marekani, mwaka 1996, hakujiandikisha katika mita 100 chali. Alichagua mbio chache, akaweka nguvu zake hapo. Katika mita 400 za mchanganyiko alikuwa wa tatu, akapata medali ya shaba.

Kisha akaingia katika mita 200 chali, mbio aliyoianza huko Seoul akiwa mtoto. Alimaliza kwa 2:07.83. Wa pili, Whitney Hedgepeth wa Marekani, alimaliza kwa 2:11.98. Tutoe pamoja: 11.98 kutoa 7.83 ni 4.15. Yaani sekunde 4 na sehemu 15 za mia. Kumbukeni tofauti ya Seoul, sehemu 1 ya mia. Safari hii mshindi aligusa ukuta, akageuka, na wengine walikuwa bado wanakuja.

Kwa ushindi huo alikuwa mtu wa pili tu kushinda mbio ileile ya kuogelea katika Olimpiki tatu mfululizo. Wa kwanza alikuwa Dawn Fraser wa Australia, miaka ya 1956, 1960 na 1964. Tena alikuwa mwogeleaji wa kwanza kupata medali 5 za dhahabu za Olimpiki katika mbio za mtu mmoja mmoja. Jumla ya medali zake za Olimpiki ni 7: dhahabu 5, fedha 1 na shaba 1.

Baada ya Atlanta alistaafu. Alikuwa na miaka 22.

REKODI YAKE YAFIKA AFRIKA

Rekodi ya mita 200 aliyoiweka Athens mwaka 1991 ilidumu zaidi ya miaka 16. Vizazi vya waogeleaji vilikuja na kuondoka, na rekodi ikabaki palepale. Ni nani aliyeivunja? Alikuwa mtu wa Afrika: Kirsty Coventry wa Zimbabwe, aliyezaliwa Harare mwaka 1983. Mwezi wa Februari mwaka 2008, huko Marekani, aliogelea kwa 2:06.39. Coventry alishinda mita 200 chali katika Olimpiki ya mwaka 2004 na ya mwaka 2008. Mwaka 2025 alichaguliwa kuwa rais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, mwanamke wa kwanza na Mwafrika wa kwanza kupewa kazi hiyo.

Na Hungaria haikukauka. Katika Olimpiki ya Rio ya mwaka 2016, Katinka Hosszú alishinda mita 100 chali. Katika Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024, Hubert Kós alishinda mita 200 chali kwa wanaume.

TUNAJIFUNZA NINI?

Baadhi yenu mtasema, "Mwalimu, huyu alianza akiwa mtoto, na sisi tumeshika kalamu tukiwa na wajukuu. Habari zake zatuhusu nini?" Ni swali zuri. Sisemi kwamba kila mtu aweza kuwa bingwa wa dunia. Hilo si kweli, na mwalimu hapaswi kuwadanganya wanafunzi wake.

Lakini tazameni miaka miwili, 1989 na 1994. Mwaka 1989 alishindwa baada ya kusifiwa, na mwaka 1994 alishindwa baada ya kushinda kila kitu. Mara zote mbili alirudi kwenye bwawa lilelile, na kazi ileile ya kuhesabu mikono hadi ukutani. Mwanafunzi aliyekosa wiki tatu za darasa kwa sababu ya mavuno au ugonjwa, na akaona aibu kurudi, aikumbuke miaka hiyo miwili. Aibu ya kurudi haizidi sekunde chache za kuvuka mlango. Waswahili husema, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

MANENO YA KUJIFUNZA

Chali: kulala mgongo chini, uso juu.
Rekodi: kipimo bora kuliko vyote vilivyowahi kuandikwa.
Mfululizo: moja baada ya nyingine bila kuruka.
Kutia hatiani: mahakama kuamua kwamba mtu amefanya kosa.
Amana: kitu ulichopewa ukitunze.

MASWALI

1. Kwa nini Wahungaria waliweza kuwa waogeleaji wazuri ijapokuwa hawana bahari?
2. Bendera zilizo juu ya bwawa zina kazi gani?
3. Rekodi ya Betsy Mitchell ilikuwa 2:08.60. Ya Krisztina ilikuwa 2:06.62. Toeni, mwandike tofauti.
4. Krisztina alizaliwa mwaka 1974. Alikuwa na miaka mingapi alipovunja rekodi mbili mwezi wa Agosti mwaka 1991? Angalieni vizuri: rekodi hizo zilivunjwa baada ya tarehe 16 ya mwezi.
5. Jadilianeni: ni nani mwenye kosa kubwa zaidi, mtoto aliyemeza kidonge alichopewa, au mtu mzima aliyempa? Kila mmoja aandike sentensi tatu za kueleza sababu zake.

Kwaherini, ndugu wanafunzi. Tutakutana tena wakati wa somo lijalo.